Elia Hakukubali

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimepungua na baridi ya Njombe imekuacha upumue. Mimi huku kisiwani, kijijini karibu na Ras Mkumbi, ni mzima wa mwili, na kazi ya zahanati inaendelea. Moyo ndio si mzima. Kwa simu kila nikianza kukueleza nalia, ndiyo maana naandika.

Unajua nilivyojiandaa kwa kikao cha Jumapili, cha kumwuliza mdogo wangu kama atakwenda kuishi na Baba Mdogo. Elia hasikii, na ishara zake tulizitunga wawili tulipokuwa wadogo. Hata wewe unazijua chache tu. Tulikubaliana na Baba Mdogo kwamba nitakuwepo kwa video, Elia anione, nimtafsirie. Huku simu peke yake inapitisha sauti tu, kwa hiyo tegemeo langu lilikuwa ruta, na Jumamosi niliijaribu ikawa safi.

Jumapili saa nane, watu mmeshakaa, taa ya intaneti ikawa nyekundu. Simu inaonyesha imeshika waifai, lakini hakuna kinachofunguka. Nikaizima ruta, nikasubiri, nikaiwasha. Nikatoa laini, nikaifuta, nikairudisha. Nikaibeba mpaka dirishani. Nikapiga huduma kwa wateja, dada wa huko akaniambia niizime na kuiwasha. Bi Mwanaisha, mwenye nyumba wangu, alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Akasema, "Mwanangu, kiache kipumzike. Mtandao wa huku huenda ukarudi." Sikumsikiliza. Nilichukua pini, nikabonyeza kile kitundu cha nyuma mpaka taa zote zikazimika. Zilipowaka, hata jina la waifai yangu lilikuwa limepotea.

Saa kumi nilikuwa bado nahangaika nayo uliponipigia. "Tumemaliza, mwanangu. Elia amekubali kwenda Mafinga kwa baba yako mdogo, kwenye mbao. Ameitikia kwa kichwa, tena amecheka."

Nikakuuliza mlimwulizaje. Ukasema Baba Mdogo alionyesha simu, akaonyesha begi, akaonyesha barabara.

Mama, simu ile ilikuwa imefunguliwa kwenye picha yangu, mkinisubiri.

Alhamisi nilipata ruhusa, nikapanda bodaboda na ruta yangu hadi dukani kwa fundi, Kilindoni. Fundi aliishika ruta dakika chache tu. "Haikuwa mbovu," akasema. "Jumapili mnara ulisumbua kama saa moja, kisha ukarudi. Mipangilio umeifuta mwenyewe." Ningetulia tu, ningewahi kikao.

Alipoiweka sawa nilimpigia Baba Mdogo video pale pale dukani. Elia alikuwa ameshafika kwake. Akaja na vumbi la mbao usoni, amefurahi. Akagusa kidevu, ndilo jina langu. Akachora mawimbi kwa mkono. Kisha akafungua viganja: lini? Alidhani Mafinga ni njiani tu, atapandishwa gari jingine aje kwangu. Baba Mdogo akaniambia siku zote hizo hakufungua begi lake.

Nikamwambia haji. Ilibidi nirudie mara tatu. Akanitazama, halafu akatia mikono mfukoni. Nilimwita kwa ishara mpaka mikono ikachoka, wateja wananishangaa. Hakuitoa.

Jana Baba Mdogo amenipigia. Anasema Elia ametulia, anafanya kazi, hana usumbufu. Mama, hana usumbufu kwa sababu ameacha kusema.

Nakuomba uende ukamchukue. Mimi nimeomba likizo nikanyimwa, na pale pana misumeno, mtu akimpigia kelele ajihadhari hatasikia. Ukimwuliza jambo usitazame kichwa; kwa kichwa anamwitikia kila mtu mzima, ni heshima yake. Akikataa hufunga ngumi kifuani. Nilikuwa niwaambie hilo Jumapili.

Mpe pole Shangazi kwa mguu wake, na jirani yetu muuza maziwa mwambie namkumbuka. Baba Mdogo msalimie pia, simchukii, alidhani anamsaidia. Mimi Elia hanitazami tena, nikipiga video anageuka. Wewe utafika kwa basi, utasimama mbele yake.

Ni mimi binti yako,
Neema