Doa la Baba Ukutani

Kariakoo, Alhamisi

Ndugu wapambanaji, ndivyo ninavyoanza kila hotuba ya chama; leo, katika shajara hii, ninyi nyote ni mimi peke yangu.

Kuta tumezikwangua, kisha pamoja na dari tumezipaka chokaa kwa ajili ya arobaini ya Baba. Likabaki doa la mafuta ya nywele, pale alipozoea kuegemeza kichwa kila jioni. Nikainua brashi.

"Hapo paache, mwanangu," alisema Mama.

Dada Zuhura akatania, "Wageni watasema chokaa ya ujamaa imeishia hapo."

"Waseme. Mume alikuwa wangu, si wa kijiji."

Tukacheka. Kisha Mama akaliwekea doa kiganja. Eda yake ingali ndefu, na ukuta ule ndio anaoutazama mchana kutwa.

Mkutano ujao ni hitima, kesho baada ya swala ya alasiri. Sitahutubia.