Mama Hajachagua Bukoba

Mdogo wangu Projestus,

Mpola waitu. Natumaini hapo Bukoba mmeamka salama, wewe, mkeo na watoto, na kwamba kikohozi cha yule wa mwisho kimekwisha. Mimi ni mzima. Baridi ya huku Uingereza nimeizoea kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi: hatupendani, ila tunasalimiana.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema baada ya Mama kuanguka njia ya kisimani mlimkalisha, mkampa nafasi achague: ahamie kwako Bukoba, au kwa mdogo wetu Adventina pale Muleba mjini. Naye amechagua kwako. Kibanja chetu cha migomba na kahawa kule kijijini Kishanda kikodishwe, nami niandike neno la kukubali kwa kuwa ndiye mkubwa wenu. Sikubali, na nitakueleza sababu.

Kazi yangu ya kutunza wazee unaijua. Nyumba nzima tunamowatunza inaendeshwa kwa neno moja, choice, yaani chaguo. Limebandikwa ukutani kuanzia jikoni hadi bafuni. Waingereza wanalitia kila mahali kama chumvi. Nyama nono buchani ni choice. Mtu akishindwa kulipa kodi ya nyumba, watasema umaskini ni choice yake. Bosi akitaka uondoke, anakuambia una choice mbili, uache kazi au uachishwe. Sisi shuleni tulikaririshwa kwamba mchagua nazi hupata koroma, ingawa katika darasa zima la Kishanda hapakuwa na aliyewahi kuigusa nazi. Angalau methali ile ilikuwa inaonya. Neno la hawa linapongeza tu.

Juzi asubuhi mwenzangu wa zamu alimwinulia bibi mmoja sweta mbili.

"Ya bluu au ya kijivu, mpenzi?"

"Nataka kubaki kitandani."

"Hilo halimo. Ya bluu au ya kijivu?"

Bibi akageukia dirishani. "Sweta unazo wewe," akasema.

Akavikwa ya bluu. Mwenzangu akaniambia, "Umeona? Leo amechagua mwenyewe." Nami ujumbe wako nilikuwa nimetoka kuusoma.

Sasa nijibu, Projestus. Nani kati yenu alimuuliza Mama kama anataka kuondoka Kishanda? Mlimuuliza Bukoba au Muleba. Nikampigia Adventina anisimulie Mama alisema nini hasa. Akasema, "Dada, alisema tu, 'Nyie ndio mnaojua, wanangu. Popote ni sawa.' Kaka akasema basi, kwangu kuna nafasi kubwa."

Hilo ndilo mmeliita kuchagua. Umelelewa nyumba gani wewe? Mgeni akiingia kwetu, Mama aliwahi kumuuliza kama atakula? Anamwekea akamwani, zile punje za kahawa, mkononi atafune, kisha anaingia jikoni kumenya ndizi. Ukimuuliza mgeni "Utakula?" umekwisha kumnyima, naye kwa adabu atasema ameshiba, aondoke na njaa yake. Mama mmemfanya mgeni nyumbani kwake, naye amejibu kama mgeni mwenye adabu. Mmesikia "nimeshiba," mkafunika chungu.

Najua utasema, Dada, wewe uko mbali, kubishana ni rahisi, mimi ndiye niliyemwinua kwenye tope. Ni kweli, na hofu yako siidharau. Mguu alioumia hautapona kwa hoja zangu. Basi tuzungumze juu ya maji kufika uani, na mtu wa kulala naye nyumba moja. Katika hayo sitakuacha peke yako. Na kama siku moja itabidi ahame kweli, tumwambie kwamba sisi ndio tulioamua, ili awe na wa kumlaumu. Tusimvike sweta halafu tuseme alijichagulia.

Lakini siku hiyo bado. Mwisho wa ujumbe wako umelalamika kwamba Mama ameanza kusahau mambo: badala ya kufunga mizigo, ameng'oa mibuni mizee iliyo karibu na kaburi la Taata aliyetuzaa, anapanda miche mipya, mkono mmoja jembe, mwingine fimbo. Projestus, wewe umesomeshwa kwa kahawa. Unajua mche unakaa miaka mingapi kabla haujakupa punje ya kwanza. Mama hajasahau kitu. Mlikuwa mnasubiri jibu, na lile ndilo jibu.

Nisalimie mkeo, na umwambie nyumba yake haina kasoro, ugomvi si wake. Msalimie Adventina. Baba mdogo, jirani wa mpakani, mpe salamu zangu pia, na umweleze kwamba kibanja hakikodishwi, asije akaanza kupima kwa hatua.

Jumamosi nenda Kishanda. Usiende na swali. Akikupa akamwani, tafuna. Kisha kata nyasi uitandazie ile miche, kiangazi kisije kikaikuta wazi.

Ni mimi dada yako,
Kokugonza