Mlango Uliokwenda Kurekebishwa

Kaka yangu mpenzi,

Sisi wazima. Mpwa wako ameota meno mawili, anauma hata wageni.

Jana nilimpeleka kuona sanamu uliyoiunda kwa mabaki ya mtaa wetu. Watu wanaisifu: mama amempakata mtoto, na mgongo wake ni mlango wetu. Bawaba nzima, rangi haina hata mkwaruzo.

Kaka, ulipoung'oa ulisema unakwenda kuurekebisha. Nikatundika shuka mlangoni, tukalala tukikusubiri. Asubuhi likaja tingatinga, nikatoka na mtoto tu. Kumbe siku ya kubomoa ulikuwa unaijua.

Mtoto aliupigapiga ule mlango, akacheka. Nikamwambia, "Mjomba hayupo, mwanangu."

Tunapokaa sasa pana mlango. Ukija, piga hodi. Sitafungua haraka, lakini nitafungua.

Ni mimi, mdogo wako