Wageni wa tovuti ya mwanangu wengi wao ni mimi

Mshauri mpendwa, shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi ipokee tu hivyo hivyo, mimi ni mama wa huku Kisawasawa, shule niliishia darasa la nne kwa hiyo nisamehe nikichanganya mambo, naomba unisaidie kabla tarehe thelathini haijafika.

Nina binti, Agnella, anafundisha chekechea Ifakara mjini, kazi ya kuajiriwa kabisa, na mwaka jana akafungua tovuti ya mapishi ya bondeni kwetu, perege wa kukausha, majani ya maboga, pepeta ile ya mpunga mchanga wa kukaangwa na kutwangwa, yote mambo aliyokulia jikoni kwangu, akaniwekea kwenye simu akasema mama, kila anayeingia humu anahesabiwa. Wiki ya kwanza wageni wakawa tisa. Alinipigia sauti yote imeisha. Mshauri, huku kwetu mtu akifungua kibanda hata cha maandazi ndugu hatubaki nyumbani, tunakwenda tunasimama pale ili mpita njia aone pana watu naye asogee, sasa nikajiuliza kibanda cha mwanangu kiko ndani ya simu, mimi nitasimama wapi?

Nikawa naifungua asubuhi, mchana na jioni, inaniuliza kama nakubali, nabonyeza nakubali, ni mwanangu huyo nitakataaje, lakini hesabu haipandi. Nikaenda kwa Fredy fundi simu, akacheka. "Mama, tovuti inaacha alama kwenye simu yako, wanaiita kuki. Ukirudi inaitazama ile alama inasema aah, huyu ni yule yule wa jana. Ingia mara mia, bado wewe ni mgeni mmoja."

Nikamuuliza, na nikiifuta?

"Ukiifuta haikujui tena. Inakuhesabu mtu mpya."

Akanionyesha pa kubonyeza, na tangu siku ile nafuta naingia, nafuta naingia, nikimenya mihogo, nikisubiri maharage yaive. Halafu nikawaambia wenzangu wa jumuiya, basi kila Alhamisi tukimaliza sala mwenyekiti wetu Yosefina anasema, "Haya, leteni simu tumjazie Agnella watu," zinakuja simu kumi na moja, nami nazipitia moja moja kwa mkono wangu. Kuna mzee mmoja hunitania kila wiki, "Mama Agnella, bando langu linakwisha nasoma kupika perege niliyemvua mwenyewe." Tulikuwa tunacheka, sikuona ubaya wowote.

Sasa Jumapili Agnella kaja, kanikumbatia hata begi hajatua. "Mama, wiki hii mia tatu na arobaini, na karibu wote wako Dar es Salaam." Kanionyesha barua ya kuacha kazi, tarehe thelathini anampelekea mwalimu mkuu, anasema watu wameshamjua hawezi kuwaangusha, anataka apike na kuandika kutwa nzima. Nikamwambia subiri kidogo mwanangu. Akanijibu, "Mama, wewe ndiye wa kwanza kuniamini, leo ndiye wa kwanza kuogopa?" Nikampakulia wali.

Nilijipa moyo kwamba hao wa Dar si sisi, maana hakuna simu yetu iliyofika Dar, basi labda ni watu kweli. Lakini nakumbuka mwezi uliopita malaria ilinilaza siku nane, na wiki ile ile alilalamika wageni wameshuka, wamebaki ishirini na sita. Hapo ndipo nashuku kuwa ni sisi. Nikimwambia nitamvunja, nisipomwambia ataacha kazi kwa sababu ya vidole vyangu, na mimi kumvunja moyo sijui, hata kwenye pepeta kaandika mpunga uanikwe juani siku mbili ndipo ukaangwe, nimesoma mara ngapi nikanyamaza, wakati mpunga wa hivyo ukiutwanga unapata chenga tupu. Nifanyeje mshauri, niseme, au niendelee kubonyeza mpaka nizeeke?

Mama mwenye hofu, Kisawasawa

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo na wewe mama, za umri tutadaiana siku tukionana. Kwanza weka simu chini.

Nimemuuliza mwenzetu anayeangalia hesabu za wageni kwenye tovuti ya gazeti hili. Anasema hesabu ile haioni kijiji. Inaona mtandao wa simu umetokea wapi, na mara nyingi mtandao hujionyesha uko Dar hata kama mwenye simu amekaa Kisawasawa anamenya mihogo. Pole mama, hao watu wa Dar kwa sehemu kubwa ni wewe na Yosefina.

Najua hukuwa na nia mbaya. Lakini mnapokwenda kusimama kwenye kibanda cha maandazi, mwenye kibanda anawaona sura. Anajua huyu shangazi, huyu jirani, na jioni akiwaza biashara yake anawatoa. Agnella hakuoni. Ile alama uliyokuwa unaifuta ndiyo ilikuwa sura yako.

Sasa sikiliza. Wiki ya malaria ndiyo wiki ya kweli katika barua yako yote. Hukushika simu, jumuiya haikuwa na wa kuifungulia, na bado watu ishirini na sita waliingia. Mwanao alianza na tisa. Si watu wa kumwachisha mtu kazi, ila ni watu, na hakuna aliyewasukuma.

Jumamosi hii panda gari uende Ifakara. Usimwambie kwa simu, na Yosefina asikusindikize kwenda kukutetea. Sema maneno machache: "Agnella, wale wageni wengi ni mimi na jumuiya, nilikuwa nafuta alama ili nihesabiwe upya." Usianze kwa kulia wala kwa habari za kuumwa. Atakasirika. Mwache akasirike, usikimbilie kumpakulia wali. Kisha mwombe barua ile ikae kabatini miezi miwili, ninyi muingie kama watu wengine bila kufuta chochote, na yeye aitazame hesabu itakayobaki. Baada ya hapo akiamua kuacha kazi, ameamua mtu mzima, si wewe uliyemwamulia.

Limebaki la pepeta, na hapo ndipo uliponiudhi. Umeingia kwenye tovuti ya mwanao mara mamia, na kosa unaloliona umelifunika. Kuna mama mahali fulani ameanika mpunga siku mbili, akatwanga chenga, akafunga ukurasa na harudi tena. Huyo huwezi kumrudisha kwa kubonyeza. Unaweza kumrudisha kwa kusema, na katika wageni wote wa Agnella, wewe peke yako ndiye unayejua kosa liko wapi.

Kwa hiyo usiende mikono mitupu. Kata mpunga mchanga wa kutosha kinu kimoja. Hasira zikishapoa, uukaange ungali mbichi, mtwange ungali wa moto, na Agnella aandike upya huku anaona. Simu yako iache Kisawasawa.