Kishikwambi Kilichomkatisha Mama

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mara hii sikupigii simu, nakuandikia. Barua inakuja kwa mkono wa Bruda mmoja wa monasteri ya Hanga aliyekuwa akisoma huku Uholanzi na sasa anarudi nyumbani. Nilimwomba afike kwako Mshangano kwanza ndipo aende Hanga, akaniangalia tu, maana naye ana mkubwa wake wa kumtii. Basi ikichelewa siku mbili usimlaumu, na umkaribishe chai.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hatufiki popote. Unaniuliza kama nimekula, nikijibu unauliza nimekula nini, nikitaja vyakula vya huku unasikitika, na mtandao unakatika tukiwa bado mezani. Leo nina jambo refu, nawe ulisome polepole, kwa wakati wako.

Magoti yanaendeleaje? Kifua cha mdogo wangu Skola kimetulia? Na yule mbuzi mweusi bado anakula kanga za watu kwenye kamba? Mimi ni mzima, ukiondoa masikio, ambayo tangu asubuhi hadi saa nne huwa siyahisi kabisa. Ile baridi ya Songea ya mwezi wa saba niliyokuwa nikiilalamikia naiomba radhi.

Kwanza nirekebishe kitu. Skola ameniambia kwamba kwenye jumuiya umewaeleza watu kuwa nafanya kazi ya vioo Ulaya, na sasa jirani yako Mama Osmund kila wiki anasali nisianguke kutoka ghorofani nikifuta madirisha. Mshukuru sana, na asiache kusali, lakini sifuti vioo. Kazi yangu ni kupanga mtu akigusa kioo cha kompyuta kwa kidole au kwa kalamu, kioo kifanye nini. Kitufe kiwe kikubwa kiasi gani ili kidole kisikikose. Mtu akilaza kiganja juu ya kioo huku anaandika, kioo kijue kwamba kiganja kinapumzika tu, hakijaamrisha chochote. Mchana kutwa nabonyeza vioo, naviandikia, kisha naandika ripoti ya nilivyobonyeza. Nilipomweleza Baba mdogo Otmari akasema, "Kwa hiyo ile digrii yote ni ya kubonyeza?"

Nikamwambia ndiyo.

"Haya. Basi ubonyeze vizuri."

Sikubonyeza vizuri, Mama. Ndiyo sababu ya barua hii.

Unakumbuka baada ya mavuno alikuja Mzungu mmoja mwembamba kwenye kikundi chenu cha wakulima, na kishikwambi chenye kalamu, mkaambiwa ni majaribio ya daftari jipya la wanachama? Yule anaitwa Pim, anakaa meza ya pili kutoka yangu. Na kile kishikwambi ni changu. Si cha kumiliki, ila ni mimi niliyepanga namna kinavyopokea kidole na kalamu. Nilimwomba Baba mdogo awakusanye watu bila kusema ni kazi ya nani, kwa sababu nawajua. Mngejua ni cha mtoto wa nyumbani mngekisifia hata kingewang'ata. Baba mdogo akaitunza siri. Sikujua kama anaweza.

Pim alirekodi video ya mikono tu, bila nyuso, maana ndio utaratibu wetu. Tukakaa ofisini watu saba pamoja na bosi wetu, mama mmoja mrefu aitwaye Anneke, tukaitazama mikono ya Mshangano ukutani.

Balaa la kwanza lilikuwa adabu. Kila aliyekabidhiwa kishikwambi alikipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa na watu. Vidole gumba viwili vikatua juu ya kioo, nacho, kwa kuwa nilikifundisha kwamba vidole viwili maana yake ni kukuza maandishi, kikakuza. Mzee mmoja alikuta herufi moja imejaa kioo kizima. Akakirudisha kwa Pim kwa mikono miwili vilevile, kikakuza zaidi. Pim anasikika akisema, kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe, "Tafadhali, mkono mmoja." Na sauti ya mwanamke inamjibu kutoka nyuma, "Mkono mmoja? Kwani tumegombana?" Nadhani ni Mama Osmund.

Balaa la pili lilikuwa Baba mdogo, na yale ambayo video haikuonyesha alitusimulia Pim. Alipewa kalamu, akaijaribu kwanza kwenye kiganja aone kama ina wino. Haikuandika. Akaijaribu pembeni mwa gazeti. Haikuandika. Akatoa hukumu, "Hii imekufa," akaichomeka juu ya sikio akaendelea kuwapanga watu kwenye benchi. Pim akaitafuta chini ya mabenchi, akaitafuta kwenye begi lake, hata akatoka nje kuitafuta njiani, na Baba mdogo akawa anamsaidia kutafuta. Ofisini watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Nami nilicheka, kwa sababu sikujua anayefuata ni nani.

Ikaja mikono ya mtu aliyeandikwa "Mshiriki wa Saba". Nilikujua kabla hujagusa kitu. Kovu la mafuta ya maandazi kwenye kifundo, na ukucha wa kidole gumba uliopasuliwa na jembe nilipokuwa darasa la tano. Ulishika kalamu, ukalaza kiganja juu ya kioo, na kiganja hakikuleta taabu yoyote. Hapo nilijipongeza kimoyomoyo. Ukaandika GA. Ukanyanyua kalamu, kama mlivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima, kwamba silabi itamkwe kwanza ndipo iandikwe. Nikakusikia ukisema, "U." Ulipoishusha kalamu, kioo kilikuwa kimekwisha kujifunga, kimeandika: Asante, GA.

Ukajaribu tena. Asante, GA. Mara ya tatu ukaharakisha, hata G yenyewe ikapinda, nacho kikakushukuru vilevile. Ukailaza kalamu mezani taratibu, ukasema, "Mwandikeni Skola badala yangu. Mkono wangu huu haujui kuandika."

Mama, mkono wako unajua kuandika. Kile kishikwambi kinahesabu tangu kalamu inyanyuke. Ikipita sekunde moja na nusu, kinaamini mtu amemaliza. Na hiyo sekunde moja na nusu niliiweka mimi, Jumatatu moja kabla ya chakula cha mchana, nikiwa na njaa. Niliwapima wenzangu wa ofisini. Sahihi za huku ni mkwaruzo mmoja, kama mtu anayefukuza inzi, na ukimuuliza hilo ni jina gani hata yeye hajui. Kwao sekunde moja na nusu ni likizo. Nilijiona nimewafikiria watu wote, nikakusahau wewe, uliyekuwa ukirudi kutoka darasani na chaki kwenye gauni, ukanikalisha jikoni unifundishe silabi ulizozipata mchana ule ule. Nisamehe.

Na kuna la aibu zaidi, afadhali ulisikie kwangu. Video ilipokwisha Anneke akauliza, "Mshiriki wa Saba anatufundisha nini?" Mmoja akasema watumiaji wa namna hii wanahitaji mafunzo. Wote wakaandika kwenye karatasi zao: mafunzo. Nami mwanao nikaandika: mafunzo. Sikusema ni mama yangu. Nilikwenda msalani nikanawa uso, nikarudi nikanywa kahawa yao na biskuti moja. Huku biskuti ni moja, Mama. Ukishachukua, kopo linafungwa na mazungumzo yanaendelea.

Nililala na ile karatasi kichwani, na kulipokucha nikafika ofisini kabla ya wote nikaweka kishikwambi katikati ya meza. Walipokuja nikawaambia kila mmoja aandike jina lake kwa mkono wa kushoto, akitamka silabi kabla ya kuiandika. Walidhani ni mchezo. Anneke akaandika AN, akanyanyua kalamu aone kama N imesimama sawa. Asante, AN. Akarudia. Asante, AN. Pim akaja na majigambo, akafika PI, na jina lake lina herufi tatu tu! Ofisi nzima ikawa watu wazima wanatamka silabi kwa sauti, ulimi nje, shingo nyekundu, na mashine inawashukuru. Baada ya mara ya nne Anneke akaitupa kalamu akasema kishikwambi hiki ni kijinga.

"Si kijinga," nikamwambia, "kina haraka, na aliyekifundisha haraka ni mimi. Mshiriki wa Saba ni mama yangu mzazi. Anaitwa Gaudensia. Anaandika jina lake lote bila kukosea, akingojwa."

Pim akatazama viatu vyake. Kisha Anneke akalifungua lile kopo akanipa biskuti ya pili. Kwa watu wa huku, Mama, hapo umechinjiwa mbuzi.

Tumekirekebisha. Kingo za kioo sasa hazisikii vidole gumba, kwa hiyo watu waendelee kupokea kwa mikono miwili kama walivyolelewa. Kalamu nimeifunga kamba, kama zile za posta. Anneke alitaka tuishikize kwa sumaku, nikamwambia sumaku haimjui Baba mdogo. Na lililo kubwa, kioo hakijifungi tena chenyewe. Kinabaki wazi mpaka mwandishi abonyeze kwa hiari yake mahali palipoandikwa NIMEMALIZA.

Lakini Anneke hajakubali moja kwa moja. Anahofia kwamba tukimngoja kila mtu, foleni itafika barabarani. Kwa hiyo Pim anarudi Mshangano na kishikwambi kipya, Alhamisi ya pili baada ya Bruda kufika, na yatakayoonekana siku hiyo ndiyo yataamua kama kibaki na subira hii au kirudie haraka yake na kupelekwa hivyo kwenye vikundi vyote. Na Skola ananiambia umeapa kutokigusa. Ananiambia kwenye mikutano siku hizi unakaa nyuma, karibu na mlango, na hata ukiulizwa unasema muulizeni mwanachama. Mwanachama ni Skola! Shamba umelilima wewe miaka yote, halafu daftarini yumo Skola, ambaye jembe akiliona linamuuma mgongo. (Skola, najua unasoma begani kwa Mama. Samahani, lakini kijiji kizima kinajua.)

Sikuombi uende kwa ajili ya kazi yangu. Wakikikataa, nitapewa vioo vingine nibonyeze. Nenda kwa sababu shamba ni lako na jina ni lako, na mimi ndiye niliyekunyang'anya nusu yake mbele ya watu. Waite na wenzako mliosoma darasa moja, wale waliokuona ukirudi nyuma. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kabla ya Alhamisi, upunguze hasira, maana mkono wenye hasira hukandamiza kalamu.

Nisalimie Baba mdogo Otmari, na umwambie kalamu haijafa, haikuwahi kuwa na wino. Nisalimie jirani yetu Mama Osmund, aendelee na sala, ila aitoe ile ya madirisha. Salamu kwa Shangazi Xaveria fundi cherehani wa Bombambili. Gauni alilonishonea nalivaa juu ya suruali mbili. Shemeji yetu Rajabu wa Tunduru, mume wa Dada Imelda, mpe salaam aleikum nyingi. Korosho zake zilifika salama, nami niliwagawia ofisini moja moja kila mtu, kisha nikafunga kopo. Skola namsalimia ingawa sasa amenuna.

Mama, jana nilikaa na kishikwambi kile mezani nikaandika jina lako kwa namna yako. Nikaandika GA, nikanyanyua kalamu. Nikaenda jikoni nikachemsha chai, nikainywa yote nimesimama dirishani, nikaosha kikombe. Niliporudi kioo kilikuwa wazi, GA yako imekaa palepale, na mbele yake nafasi tupu ya U. Kwa hiyo Alhamisi usikimbie. Tamka silabi yako, vuta pumzi, hata ukitaka msalimie mtu anayepita. Kitakungoja.

Binti yako aliyekukatisha,
Oliva