Nyumba Niliyopewa

Jumanne, Shaabani, 1955

Eti nina bahati! Ndugu yangu Athmani amekuja kutoka Mombasa, akanywa kahawa yangu, akamchungulia mama mlangoni tu. Nikamwomba amuuguze mwezi mmoja, nami nikapumue kwa binti yangu kisiwani Kiwayu.

"Dada, nyumba ulipewa wewe ulipoolewa, si mimi," akasema. "Basi na mama ni wako."

Ndiyo desturi yetu, nyumba hupewa binti. Tangu mama apooze, hata barazani sijakaa.

Athmani alipoondoka nikamgeuza mama, nikampaka mafuta vidonda vya mgongoni. Machozi yakanishinda. Mama, ambaye siku hizi huniona kigori, akanishika mkono.

"Usilie, mwanangu," akasema. "Ukiolewa, nyumba hii takupa weye."