Nchi Ikitoka, Inakwenda Wapi?

Kumsenga, Kibondo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na yule mbuzi mwizi wa mihogo, ameshapatiwa kamba au bado mnamlea? Mimi ni mzima wa mwili. Dada Mwanaidi akikusomea barua hii mkanye asiruke mahali, maana namjua, akifika penye kutisha huruka na kusema "anawasalimu wote." Simu ninayo, lakini haya sitaki majirani wa hapa wayasikie.

Kazi ya kupima mashamba ya kijiji inaendelea. Tunafukia bikoni, yale mawe ya mipaka, tunachungulia kwenye darubini ya mashine ya kupimia umbali, wakulima wanapata hati zao. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja, Mama Devota, ananilisha ugali wa muhogo na maharage mpaka suruali zinanibana. Nyuma ya nyumba yake bonde linashuka hadi mtoni, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Binti yake, Devota, ameolewa huko, kwenye kilima kinachotazamana na chetu. Kwa miguu ni mwendo wa saa moja tu, na bati la nyumba yake unaliona ukiwa jikoni. Kila asubuhi mama huita "Mwakeye!", ndiyo salamu yao ya asubuhi, na binti huitikia kutoka kule.

Sasa sikia habari ya redio. Mwezi mzima kuna kipindi cha asubuhi kinachowauliza wasikilizaji: nchi yetu ibaki kwenye Jumuiya na majirani, au itoke? Mtu wa Buhigwe anapiga simu, anasema itoke, tumewabeba wengine vya kutosha. Wa Titye anamjibu ibaki, la sivyo mahindi yake atamuuzia nani? Wanatukanana kwa adabu, kisha unapigwa muziki.

Siku moja Mama Devota aliacha kuchambua maharage akaniuliza, "Mwana wanje, mwanangu, nchi ikitoka, inakwenda wapi?"

Nilicheka, Mama. Nikamweleza kuwa nchi haiendi popote, ni kama mtu anayejitoa kwenye chama cha kuzikana.

"Oya, sivyo," akasema, wala hakucheka. "Mtu akijitoa kwenye chama cha kuzikana anasogea. Hata salamu yake unaisikia kwa mbali. Wewe una mashine. Nipimie."

Halikuwa swali la mchezo. Devota alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi minane, na mama yake ndiye aliyepaswa kuwa naye siku ya kujifungua. Kama nchi inaondoka, mama alitaka avuke mapema, hata ikibidi abaki huko na kaburi la mumewe libaki huku. Kama haiondoki, avune maharage kwanza, maana mvua ingeyaozesha.

Basi nikasimamisha mashine juu ya bikoni ya uani, nikalenga pembe ya bati la Devota, nikaandika namba. Baada ya wiki nikapima tena, kumridhisha tu. Umbali ulikuwa umeongezeka hatua tatu. Nikabadilisha betri, nikasawazisha mashine upya. Nikapima mlingoti wa bendera ya shule, ulio upande wetu. Haukusogea hata unywele. Bati, hatua tatu zilezile. Wiki iliyofuata, kumi na moja. Mwenzangu wa kazi akasema ni joto linalopindisha mwanga. Labda. Lakini asubuhi ile mimi nilikuwa nimevaa sweta.

Jibu la Devota nalo likaanza kuchelewa. Mwanzoni ilikuwa pumzi moja. Halafu siku moja mama aliita, akasugua sufuria mbili, akazianika, ndipo "Mwakeye" ikarudi.

Jioni ile aliniuliza, "Imesogea?"

Niliona aibu, Mama. Mpimaji gani wa kusema kilima kinatembea? Daftari lilikuwa mfukoni, mwandiko wangu mwenyewe, nami nikamjibu, "Haijasogea, mama."

"Ego, haya," akakubali, akaingia shambani kuvuna.

Leo asubuhi amefika mchuuzi wa mawese kutoka ng'ambo, hoi, miguu imevimba. Akasema Devota ameshikwa na uchungu. Akasema pia kwamba yeye aliondoka kwenye kilima kilekile cha Devota juzi na hajapumzika njiani. Mama Devota alinitazama. Akajitwika kikapu cha unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa mzazi, akashuka bondeni.

Saa tatu nilimwona kwa mashine akivuka mto. Saa nne kitenge chake cha njano kilifika penye mgomba wa kwanza wa kilima cha ng'ambo. Sasa ni saa tisa alasiri, nakuandikia nikiwa nimekaa chini ya mashine, nasimama kila mara kuchungulia. Bado anapanda. Hajakaa hata mara moja, namwona anavyotupa mguu mbele ya mguu. Na mgomba ni uleule.

Nimemwita mpaka koo limekauka. Nimemwambia ukweli wote: imesogea, mama, imesogea tangu wiki ya kwanza. Naogopa, Mama yangu. Ningesema siku ile, angekuwa kitandani pa mwanawe sasa.

Nisalimie baba mdogo fundi cherehani, na shangazi wa vitumbua, na shemeji, mume wa Mwanaidi, umwambie apunguze mwendo wa pikipiki. Bibi mzaa baba aniombee dua, na amtangulize mwenye nyumba wangu kabla yangu.

Ni mimi mwanao,
Shafii

Saa kumi na moja. Nilikuwa nakunja karatasi niliposikia mtoto mchanga akilia ng'ambo, sauti nyembamba sana; amezaliwa saa ngapi, sijui. Nimerudi kwenye mashine. Mama Devota naye amesikia. Ameshusha kikapu. Amegeuka, ananitazama mimi.